Mnyororo wa Mkunazini: Utumwa wa Unguja Ulimalizika Lini, na Nani Aliumaliza?

Katika kiwanja cha Kanisa Kuu la Kianglikana la Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja, kuna shimo lililo chini ya usawa wa ua. Ndani yake wamesimama watu watano waliochongwa, wanaume na wanawake, na shingoni mwao mna pete za chuma zilizoungwa kwa mnyororo mmoja. Kazi hii ni ya msanii wa Kiswidi, Clara Sörnäs, na ilikamilika mwaka 1998. Tangu hapo imekuwa ndiyo picha ya utumwa wa Afrika Mashariki inayojulikana zaidi duniani.

Ni wageni wachache wanaozuru Unguja bila ya kupelekwa pale. Watoto wetu waliozaliwa Maskati, Dubai, London au Toronto, wanapokwenda kuiona nchi ya babu zao, nao hupelekwa, na hurudi nyumbani na swali ambalo wazee wengi hawapendi kuulizwa: sisi tulikuwa upande gani wa mnyororo ule? Jarida linalosomwa na familia zilizotawanyika baada ya Mapinduzi ya 1964, na pia na wataalamu wa historia, haliwezi kulipisha swali hilo.

Hoja yetu katika makala haya ni moja. Sanamu za Mkunazini zimesimamishwa mahali ambapo dunia inapahusisha na kukomeshwa kwa utumwa, lakini zinachoonyesha ni utumwa wenyewe. Kukoma kwake hakuonekani. Kwa kuwa hakuonekani, kumeachiwa watu wakusimulie kwa maneno, na kila aliyesimulia amejisifu yeye au amemlaumu mwenzake. Waliokuwa watumwa, na ambao kwa sehemu kubwa ndio walioumaliza utumwa, wamebaki shimoni, kimya.

Kiwanja chenyewe

Soko la Mkunazini lilikuwa la mwisho la hadhara mjini Unguja. Katika miaka ya 1860, kwa makadirio ya wanahistoria, watumwa wapatao 20,000 kwa mwaka walipitia kisiwani, wengi wao wakitokea Kilwa na nyuma yake katika nchi za Ziwa Nyasa. Profesa Abdul Sheriff, katika kitabu chake cha 1987 kuhusu watumwa, viungo na pembe za ndovu, ameonyesha kwamba wengi wao hawakuvuka bahari kwenda Arabuni kama inavyodhaniwa. Walibaki hapa hapa, katika mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba na katika mashamba ya nafaka na minazi ya Mrima na pwani ya Malindi.

Mwezi wa Januari 1873 Sir Bartle Frere aliwasili Unguja na ujumbe wa serikali ya Uingereza, akimtaka Seyyid Barghash bin Said aufunge usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari. Seyyid Barghash alikataa. Kimbunga cha mwaka uliotangulia kilikuwa kimeangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na matajiri wa mashamba walikuwa hawataki hata kusikia neno hilo. Waingereza wakatishia kukizingira kisiwa kwa manowari, na tarehe 5 Juni 1873, mbele ya Balozi John Kirk, mkataba ukatiwa saini. Masoko ya hadhara yakafungwa.

Hapa pana jambo ambalo maelezo wanayopewa wageni hulipita. Mama yake Seyyid Barghash alikuwa suria wa Kihabeshi. Mama yake Seyyid Majid aliyemtangulia, na mama yake Sayyida Salme, walikuwa masuria wa Kicherkasi. Sayyida Salme mwenyewe ameyaandika maisha ya akina mama hao katika kumbukumbu zake zilizotoka Ujerumani mwaka 1886. Yaani mtu aliyefunga soko la Mkunazini alizaliwa na mwanamke aliyenunuliwa. Kwa sharia, mtoto wa suria huzaliwa huru na hurithi sawa na ndugu zake, na kwa hiyo hakuna aliyemwona Seyyid Barghash kuwa na upungufu wowote. Lakini mtu akitaka kuuchora mnyororo ule kwa ukweli, itambidi aupitishe mpaka ndani ya majumba ya kifalme.

Misheni ya Vyuo Vikuu, ambayo Waunguja waliijua kwa jina la UMCA, ilikipata kiwanja cha soko mwaka huo huo, na jiwe la msingi likawekwa siku ya Krismasi ya 1873. Kanisa likajengwa chini ya Askofu Edward Steere, mtu aliyekuwa bingwa wa Kiswahili na aliyekusanya hadithi za Waunguja kabla ya wengi wetu kuziona kuwa na thamani. Steere alifariki 1882 akazikwa nyuma ya altare. Altare hiyo inasimuliwa kuwa imesimama palipokuwa na mti wa kuwachapia watumwa viboko. Kuanzia hapo, mahali pa soko pakawa pia ushahidi wa ushindi: kanisa juu ya soko, altare juu ya mti wa viboko. Ni simulizi yenye nguvu. Ila ni simulizi ya aliyejenga.

Vyumba vya chini

Karibu na sanamu lipo jengo la Mtakatifu Monika, na chini yake mna vyumba viwili vyenye dari ya chini sana, ambavyo wageni huonyeshwa kuwa ndimo walimofungiwa watumwa kabla ya kuuzwa. Watu huingia wakiwa wameinama na hutoka wakilia. Lakini jengo lile lilijengwa na misheni yenyewe kwa ajili ya hospitali, katika miaka ya 1890, wakati soko limekwisha kufungwa zamani. Wanahistoria, Sheriff akiwa mmoja wao, wamelieleza jambo hili hadharani kwa miaka mingi.

Tunalitaja kwa uangalifu, kwa sababu wapo kati yetu wanaolishika jambo hili kama ngao. Husema: vyumba ni vya uongo, basi na utumwa umetiwa chumvi. Huo ni mruko usiofaa. Soko lilikuwepo. Waliouzwa pale walikuwepo. Majahazi yaliyowaleta, wakiwa wamepangwa kama magunia, yalikuwepo, na waliokufa njiani kutoka Nyasa hawana hata kaburi. Kosa la vyumba vile ni kwamba vinamwazima mwongo silaha. Anayewaheshimu waliouzwa hana haja ya kuwatungia mahali pa mateso.

Mwaka 2016 kulifunguliwa kiwanjani hapo maonyesho ya kudumu juu ya biashara ya watumwa, baada ya kanisa kukarabatiwa kwa msaada wa World Monuments Fund na Umoja wa Ulaya. Hiyo ni hatua kubwa, kwa sababu sasa mgeni anaweza kusoma habari ndefu kuliko ile anayopewa kwa dakika kumi. Bado, picha anayoondoka nayo ni ile ya shimoni.

Mwisho uliochukua miaka 36

Utumwa wa Unguja haukumalizika 1873. Kilichokatazwa ni kusafirisha watu baharini na kuwauza hadharani. Aliyekuwa mtumwa tarehe 4 Juni aliamka mtumwa tarehe 6. Kabla ya hapo ulikuwepo mkataba wa 1822 baina ya Seyyid Said na Kapteni Moresby, uliozuia kuwauzia Wakristo, na mkataba wa 1845, ulioanza kutumika 1847, uliozuia kuwapeleka watumwa Arabuni. Yote miwili ilivunjwa kila msimu wa kaskazi na kusi. Baada ya 1873, biashara ya baharini ikageuka kuwa ya miguu, misafara ikapita pwani kwa pwani kutoka Kilwa, hata Seyyid Barghash akatoa amri nyingine 1876 kuikataza.

Tarehe 1 Agosti 1890 Seyyid Ali bin Said alipiga marufuku kuuza na kununua mtumwa kwa namna yoyote. Tarehe 6 Aprili 1897 Seyyid Hamoud bin Muhammed, chini ya himaya ya Uingereza, aliondoa utambulisho wa utumwa mahakamani. Hii ndiyo amri ambayo vitabu vingi huita mwisho. Tuisome basi ilivyokuwa. Mtumwa hakuachwa huru kwa amri. Alipewa ruhusa ya kwenda mahakamani kuudai uhuru wake. Akiupata, bwana wake aliweza kulipwa fidia. Yeye hakulipwa kitu. Ilimbidi aonyeshe mahali atakapokaa na kazi atakayofanya, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Na masuria hawakuingizwa katika amri hiyo: walihesabiwa kama wake, ila mke huru ana njia za kuachana na mumewe ambazo suria hakuwa nazo.

Mpaka mwaka 1909, wakati wa Seyyid Ali bin Hamoud, ndipo mlango ulipofungwa kabisa na masuria wakaingizwa. Kutoka saini ya Seyyid Barghash mpaka hapo ni miaka 36, umri wa mtu kuzaliwa, kuoa na kuona wajukuu wakikaribia. Na nje ya Unguja tarehe ni nyingine: pwani ya Kenya 1907, Tanganyika 1922, Qatar 1952. Huko Oman, kulikokuwa asili ya wengi wetu na ndiko wengi walikorejea baada ya Seyyid Qaboos kushika nchi, utumwa ulipigwa marufuku mwaka 1970. Wapo wasomaji wa jarida hili waliokuwa wakubwa wakati huo.

Waliojimaliza wenyewe

Sasa tuje kwa wale watano wa shimoni, na kwa wengine wasiochongwa. Amri zote tulizozitaja zilitiwa saini na wakubwa. Lakini chini ya amri hizo kulikuwa na watu waliokuwa wakiusogeza utumwa kwa bega, kila siku, bila ya karatasi.

Wapo waliokimbia. Watoro wa pwani walijenga vijiji vyao nyuma ya Malindi na Takaungu, wengine wakapokewa Witu, wengine wakajificha katika vituo vya misheni vya Rabai. Ilipoingia Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki mjini Mombasa, wakala wake George Mackenzie aliwakuta watoro hao tayari wameshajifanya huru, na mabwana wao wakidai warudishwe. Mwanzoni mwa 1889 alilipa fidia kwa zaidi ya watu 1,400 wa Rabai na vituo jirani, wakapewa hati za uhuru. Mackenzie ndiye aliyeandikwa kuwa mkombozi. Lakini lau watu wale wasingekimbia, asingekuwa na mtu wa kumlipia.

Wapo waliobaki na kubishana. Mtumwa wa shamba wa Unguja na Pemba, kwa ada, alimfanyia bwana kazi siku tano, na Alhamisi na Ijumaa zilikuwa zake. Alilima muhogo wake akauza. Mtumwa wa mjini alitoka kwenda kutafuta kazi ya siku, akapewa kijikaratasi cha kumshuhudia, akamgawia bwana sehemu ya ujira. Kijikaratasi hicho kiliitwa kibarua, barua ndogo, na ndilo neno ambalo hadi leo tunalitumia kwa mtu wa kazi ya kutwa. Baada ya 1897 wengi hawakwenda mahakamani kabisa. Walikubaliana na mwenye shamba: siku tatu za kazi kwa nyumba na kipande cha ardhi. Maofisa wa Kiingereza waliokuwa wakihofia karafuu zisichumwe walilalamika kwamba watu huru hawataki kazi. Walichokuwa hawataki ni kazi ya utumwa.

Na wapo walioubadilisha utumwa kwa nguo na kwa sauti. Mjakazi alijulikana kwa kaniki na merikani. Mabinti zake walipohamia Ng'ambo, upande wa pili wa Pwani Ndogo, walivaa kanga, kisha buibui, mavazi ambayo mama zao wasingethubutu kuyavaa. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba kwa wazee wenye asili ya utumwa, alikuja mjini akiuza vyungu, akaimba taarab kwa Kiswahili pale ilipokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu, na mwaka 1928 akavuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri. Shaaban Robert amemwandikia wasifu. Ukitaka kuuona mwisho wa utumwa wa Unguja ukitembea kwa miguu yake, mtazame Siti akipanda meli ile kwa hiari yake.

Kuna kumbukumbu nyingine ambayo tungependa msomaji aifananishe na ya Mkunazini. Kisauni, Mombasa, palipokuwa makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa 1875 na kuitwa Freretown, bado kuna mnara mdogo wa kengele. Kengele ile iliwatahadharisha wakaazi wakati wa hatari, na mtaa mzima hadi leo unaitwa Kengeleni. Huko alikulia James Mbotela, mtoto wa mtumwa aliyekombolewa, aliyeandika kitabu cha Uhuru wa Watumwa kilichotoka 1934 na kusomwa na vizazi vya wanafunzi. Kitabu hicho kimelaumiwa, na kwa haki, kwa kuwapamba Waingereza na kuwapaka Waarabu wote rangi moja. Lakini kilikuwa mkono wa mtoto wa mtumwa ukishika kalamu. Mkunazini panaonyesha watu waliofungwa. Kengeleni panaonyesha watu waliokuwa wakijilinda.

Sisi na mnyororo

Sisi tulio nje tumekuwa na majibu mawili kila sanamu zile zinapotajwa.

La kwanza ni kwamba utumwa wetu ulikuwa wa upole. Mtumwa alikula alichokula bwana, alifunzwa dini, aliachwa huru kwa kafara au kwa wasia, watoto wa suria walirithi. Yote haya yalitokea na yana ushahidi. Dini yetu imehimiza itki kwa namna ambayo sharia nyingi za zama zile hazikufanya. Lakini hadithi hii huanzia mlangoni mwa nyumba. Haianzii kijijini Nyasa palipotiwa moto, wala njiani, wala jahazini. Na upole wa bwana uliisha siku alipokufa akiwa na deni. Itki yenyewe inathibitisha jambo: kama hali ile ingekuwa nzuri, kumtoa mtu ndani yake kusingekuwa na thawabu.

Jibu la pili ni kwamba wengine nao walikuwemo. Ni kweli, na ni lazima kusemwa. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Mascarene. Mitaji ya biashara ilitoka kwa matajiri wa Kihindi, ambao wengi walikuwa raia wa Uingereza, na Balozi Rigby alipoanza kuwakataza mwisho wa miaka ya 1850 aliwakuta na watumwa kwa maelfu. Watekaji wa bara walikuwa Waafrika. Wenye watumwa pwani walikuwa Waarabu, Waswahili, Washirazi na Wangazija. Wateja wa karafuu na pembe walikuwa Ulaya na Marekani. Na tende za Oman, zilizolimwa kwa sehemu kwa mikono iliyotekwa Afrika Mashariki, ziliuzwa mpaka New York. Picha ya Mwarabu peke yake akishika mnyororo ni picha iliyochorwa kwa ajili ya siasa, na mwaka 1964 watu wasio na hatia, wakiwemo maskini wasiokuwa na shamba wala mtumwa, waliuawa kwa ajili yake. Hilo hatutalisahau. Lakini orodha ndefu ya washiriki haifuti jina letu kwenye orodha. Inaliweka tu katika safu yake.

Liko jibu la tatu, ambalo husemwa kwa sauti ya chini majumbani. Katika familia nyingi za wasomaji wetu, bwana na mtumwa wote wawili ni babu. Nyanya aliyeitwa kwa jina la maua au la vito, ambaye kabila lake halitajwi na baba yake hajulikani, mara nyingi hapo ndipo mnyororo ulipoingia nyumbani. Tumehifadhi nasaba za upande mmoja mpaka Nizwa na Rustaq, kizazi kwa kizazi. Za upande wa pili tumeziacha zikomee jikoni.

Kumbukumbu iliyobaki kujengwa

Huko Doha, mwaka 2015, ilifunguliwa Nyumba ya Bin Jelmood kuwa jumba la makumbusho juu ya utumwa, pamoja na utumwa wa Qatar yenyewe na wa watu waliotolewa Afrika Mashariki kupiga mbizi za lulu. Ni nchi ya Ghuba iliyokubali kuyaeleza haya nyumbani kwake, kwa lugha yake, na haikuporomoka. Tukiwa tunaishi Ghuba, hatuna tena udhuru wa kusema kwamba mazungumzo haya ni ya Wazungu.

Hatuombi sanamu za Mkunazini ziondolewe. Zinasema kweli juu ya walichofanyiwa watu. Tunaomba kando yake papatikane mahali pa kusema walichofanya wao, na kwa hilo mawe hayatoshi. Yanahitajika majina. Nyaraka za Taifa za Zanzibar, pale Kilimani, zina kumbukumbu za mahakama za walioachwa huru. Sehemu nyingine iko kwetu: hati za itki zilizoandikwa kwa Kiarabu, wasia unaowataja walioachwa huru na kipande cha shamba walichopewa, barua za Kiswahili kwa harufi za Kiarabu, wakfu zilizowekwa kwa ajili ya waliokuwa watumwa na watoto wao. Zimo masandukuni Maskati, Salala, Sharjah, Cardiff na London, na kila mzee anapofariki baadhi huchomwa na wajukuu wasioweza kuzisoma.

Tunawaomba wasomaji wazitoe zipigwe picha, nakala zipelekwe Kilimani. Katika hati hizo mna mtu kama Fulani binti Abdallah, Mnyasa, aliyeachwa huru kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na chini yake saini za mashahidi wawili. "Binti Abdallah" ni jina la kupewa. La baba yake halikuandikwa, kwa kuwa hakuna aliyeuliza. Wengine watawajua vizazi vyao kwa karatasi hizo, na wengine watagundua kwamba huyo ni bibi yao wenyewe. Hapo ndipo watoto wetu watakaporudi kutoka Mkunazini na swali lao, tuwe na jina la kuwajibu.